Maswali na Majibu: Kompyuta ya Gemu ya Mtumba, Ipime Kabla Hujatoa Pesa

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza kuhusu kompyuta za gemu zilizotengenezwa kiwandani na kutumika miaka kadhaa kabla ya kufika visiwani. Tumechagua tano.

Assalaam aleikum. Nipo Mwanakwerekwe. Kuna Alienware Aurora R7 imekuja na mzigo wa Dubai: prosesa i7-8700, RAM GB 16, kadi ya picha GTX 1070. Muuzaji amenikubalia niijaribu nusu saa dukani kwake. Nifanye nini ndani ya muda huo?

Waaleikum salaam. Nusu saa inatosha ukienda umejitayarisha. Weka kwenye flashi programu hizi, zote za bure: CPU-Z, GPU-Z, HWiNFO, CrystalDiskInfo, Cinebench R23 na FurMark. Chukua bisibisi ya nyota na tochi. Ya simu yatosha. Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika tu weka mkono nyuma, pale inapotokea hewa. Kama pana vuguvugu, imeshapashwa. Pawa saplai (sanduku linaloigawia mashine umeme) yenye kapasita (vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme) zilizochoka hugoma ikiwa baridi, kisha ikishapata moto huwaka kama haijawahi kuumwa. Ukikuta mashine ya moto, omba izimwe na urudi baada ya saa mbili.

Dakika tano za mwanzo usiwashe kitu. Fungua ubavu. Kwenye Aurora R7 pawa saplai imefungwa kwenye mkono unaozunguka kama ubawa wa mlango, na mkono huo unaifunika mazabodi (bodi kuu) yote. Anayesafisha kwa haraka hupuliza vumbi la mbele, la nyuma ya mkono likabaki limegandamana kama pamba ya godoro. Fungua vibano, uvute nje, umulike. Tazama vichwa vya kapasita: viwe bapa, visiwe vimetuna wala kutoa maji ya kahawia. Nusa. Harufu ya plastiki iliyoungua haiishi kwa kufutwa na kitambaa.

Sasa washa. Fungua CPU-Z, sehemu ya Memory, uone kama imeandika Dual, au 2 x 64-bit kwenye matoleo mapya. Ikiwa Single au 1 x 64-bit, RAM ni kijiti kimoja, na gemu nyingi zitapungua kasi kwa sababu hiyo tu. Usishtuke ukiona RAM ya 2666 imeandikwa 1333. CPU-Z huonesha nusu. Kwenye GPU-Z, GTX 1070 ya kweli ina Shaders (vitengo vya kuchora picha) 1920, kumbukumbu ya GB 8 na upana wa biti 256. Namba zikiwa tofauti, jina halina maana. CrystalDiskInfo itakwambia diski imefanya kazi saa ngapi. Kwa diski ya kuzunguka (hard disk), mistari ya 05, C5 na C6 isome sifuri. C5 ikiwa na namba yoyote, kuna sehemu za diski zinazokataa kusomeka, kwa hiyo hesabu bei ya SSD (diski isiyozunguka) mpya ndani ya bei ya mashine.

Kinachobaki ni kuitwisha mzigo. Washa HWiNFO, inayoonesha joto na kasi, kisha Cinebench R23, inayoilemea prosesa, ambayo kwa kawaida hukimbia dakika 10. Prosesa i7-8700 imewekewa kikomo cha nyuzi 100 za joto. Katika chumba kisicho na kiyoyozi, ikikaa nyuzi 80 na kitu hadi 90 si ajabu. Lakini ikigonga 100 na kasi ikashuka chini ya GHz 3.2, ambayo ndiyo kasi yake ya msingi, kuna tatizo la upozaji. Mara nyingi ni pasta ya joto (ile inayopakwa kati ya prosesa na kipozeo) iliyokauka, ambayo ni kazi ya robo saa na gharama ndogo. Jambo zito zaidi ni pampu. Baadhi ya Aurora hizi hupozwa kwa maji. Pampu ikifa, joto hupanda hadi 100 ndani ya sekunde chache, na rejeta yake ukiigusa ni baridi. Hapo unanunua kipozeo kipya.

Mwisho, FurMark, inayoilemea kadi ya picha, dakika 8 kwa ukubwa wa 1920 kwa 1080, na katika dakika mbili za mwisho irudishe Cinebench ifanye kazi pamoja nayo. Vidoti vya rangi, mistari au miraba inayorukaruka kwenye kioo ni kumbukumbu ya kadi kuharibika, na haitengenezeki kwa bei inayofaa. Kuzima ghafla bila onyo wakati programu zote mbili zinakimbia mara nyingi ni pawa saplai. GTX 1070 peke yake hula hadi wati 150.

Kumbuka na majira. Joto la chumba likipanda nyuzi 7, joto la mashine nalo hupanda karibu kiasi hicho hicho. Mashine uliyoipima Julai, kusi linavuma na chumba kina nyuzi 25, ukaikuta 88, isubiri Februari wakati wa kaskazi. Itakuwa imekaribia ukutani.

Nipo Wete. Kaka yangu ametuletea kompyuta kutoka Marekani. Nyuma ina swichi nyekundu ndogo iliyoandikwa 115. Fundi mmoja anasema ninunue transfoma, mwengine anasema niichomeke tu. Nimsikilize nani?

Usimsikilize hata mmoja, na tafadhali usiichomeke bado. Umeme wetu, Unguja na Pemba, ni volti 230. Swichi ikiwa kwenye 115, pawa saplai hukusanya umeme kwa kuuongeza maradufu kwenye kapasita mbili kubwa, ambazo kwa kawaida kila moja imetengenezwa kubeba volti 200. Ukiingiza 230 hapo, kila kapasita inasukumiwa zaidi ya volti 300. Husikika mlio kama fataki, moshi, na mara nyingine mazabodi huondoka nayo.

Waya ukiwa nje ya soketi, chukua bisibisi bapa usukume swichi mpaka isomeke 230. Basi, transfoma haihitajiki. Kama mashine haina swichi, soma karatasi iliyobandikwa kwenye pawa saplai: ikiandika 100-240V inajirekebisha yenyewe, na unachobadili ni waya tu. Waya wa kompyuta yoyote ya mezani wenye plagi ya miguu mitatu bapa unaingia. Usitumie adapta ya miguu miwili, kwa sababu inakata waya wa ardhi, na ndipo watu wanapotekenywa na umeme wakigusa kasha.

Umeme unaopanda na kushuka nao unaua. Weka gadi ya kuchelewesha umeme, ile ile wanayoweka watu kwenye friji, au UPS (betri ya akiba). Kwa mashine inayokula wati 250 pamoja na kioo, UPS ya VA 650 itakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu. Usitarajie kumalizia mechi.

Mimi ni mama wa kijana wa skuli, Kiembesamaki. Tulimnunulia mwanangu kompyuta yenye mataa ya rangi, tukaambiwa ina GTX 1050 Ti ya GB 4. Gemu zinakwama kama picha za kusukumwa. Tumeibiwa?

Inawezekana, bibie, lakini anza na jambo jepesi. Geuza mashine utazame waya wa kioo umechomekwa wapi. Nyuma kuna matundu ya HDMI sehemu mbili: juu, yamesimama karibu na ya USB, na chini, yamelala kwenye kadi ya picha. Ukichomeka juu, kadi mliyoilipia haichori picha inayofika kwenye kioo. Hamishia chini, jaribu tena.

Kama tayari ulikuwa chini, fungua GPU-Z. Kuna kadi za zamani, kama GTS 450 na GTX 550 Ti, zilizobadilishwa programu ya ndani ili Windows izitaje kwa jina la 1050 Ti. GPU-Z inazijua nyingi na huandika neno FAKE kwenye jina. Kadi ya kweli ina Shaders 768. GTS 450 ina 192. Na kuna alama ambayo hata wewe bila fundi unaiona: chipu za GTX 1050 Ti hazitoi picha ya VGA. Kadi yenye tundu la buluu la pini 15 inayojiita 1050 Ti itilie shaka papo hapo. Piga picha ya kioo cha GPU-Z, urudi nayo dukani pamoja na risiti. Kama hukupewa risiti yenye jina la kadi, mara nyengine usitoe pesa bila hiyo.

Nina Dell OptiPlex iliyotiwa kadi ya gemu. Pawa saplai imekufa. Nimenunua mpya, soketi haiingii kwenye mazabodi. (Jang'ombe)

Hukukosea kuchomeka. OptiPlex nyingi za baada ya 2013 zina soketi ya pini 8 au 6, wakati pawa saplai za kawaida zina pini 24. HP nao wana za kwao. Kuna waya wa kubadilisha, lakini hakikisha umeandikwa kwa modeli yako, na pima kama kasha lina nafasi. Kabla ya yote, thibitisha ya zamani imekufa kweli: nyingi za Dell zina kitufe kidogo na taa nyuma. Ichomeke kwenye umeme, ubonyeze. Taa ya kijani ikiwaka, tafuta ugonjwa kwengine.

Hili liwafikie na wanaotaka kununua. Kadi isiyohitaji waya wake wa umeme, kama GTX 1650 za wati 75, ndiyo inayofaa OptiPlex. Ukiona kadi kubwa imeungwa waya kwa kugawanya ule wa diski, iache hapo hapo.

Nyumba yetu Mji Mkongwe inatazama bahari. Kompyuta ilikuwa nzuri, sasa GPU-Z inaandika x16 3.0 @ x8, na siku nyingine haioneshi picha kabisa.

Huenda hiyo ni chumvi. Bonyeza alama ya kuuliza iliyo pembeni ya maandishi hayo uitie kadi kazi. Wakati wa mapumziko kasi ya 1.1 badala ya 3.0 ni kawaida, lakini x8 badala ya x16 (njia 8 za data badala ya 16) kwenye tundu la juu mara nyingi maana yake baadhi ya miguu ya kadi haigusi vizuri.

Zima, chomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili umeme uliobaki uishe. Chomoa kadi. Meno yake ya dhahabu utayakuta na ukungu, pengine doa la kijani. Futa taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, kwa kufuata urefu wa meno, kisha pitisha brashi laini yenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Kolonya na spiriti ya kidonda zina maji mengi, usitumie. Fanya hivyo hivyo kwa RAM. Acha vikauke dakika 15 kabla ya kurudisha.

Mnunuzi naye aanzie hapo hapo: skurubu za nyuma zenye kutu nyekundu na bati la matundu lenye madoa meupe ni mashine iliyokaa ufukweni. Usiiweke chini ya dirisha la upepo wa bahari, na ukitoka safari ndefu usiifunike kwa nailoni. Unyevu hunaswa ndani. Shuka ya pamba inatosha.