Kwa mnaoanza kazi ya kuflashi mabomba, yaani kuyasafisha kwa maji ya kasi

Wadogo zangu, kosa la mwanzo huwa lile lile. Unafungua woshauti, ile valvu ya kumwagia maji nje, mwisho wa mtaa, unangoja maji ya rangi ya chai yawe meupe, unafunga, unaondoka. Kesho yake simu zinalia: maji mekundu kuliko jana.

Yalinikuta mwaka wangu wa kwanza hapa Dodoma. Nilifungua bila kufunga valvu za pembeni, maji yakaja kwa njia tatu, yote kwa uvivu. Tope likatibuka lakini halikutoka. Uchafu wa mtaa mmoja nikaugawia mitaa mitatu. Asubuhi mama mmoja akanitandazia shuka lake jeupe lenye madoa ya kutu, hakusema neno. Bora angenitukana.

Kinachosomba tope ni kasi. Lenga mita 1 kwa sekunde. Kwa bomba la milimita 100 hiyo ni kama lita 8 kila sekunde. La milimita 150, karibu lita 18. Ukiona ndoo ya lita 20 inachukua sekunde kumi kujaa, unamwaga maji ya watu bure. Kwa hiyo funga za pembeni, maji yaje kwa njia moja, na anzia yanakotoka kuelekea nchani, bomba safi lisukume chafu.

Msidanganywe na maji ya visima vya Mzakwe, vinavyolisha mji wetu, kutoka ardhini yakiwa maangavu. Bomba likikaa tupu wakati wa mgao, maji yakirudi kwa kishindo yanabandua kutu iliyoshika ukutani.

Kufunga: polepole, mzunguko baada ya mzunguko, ukihesabu. Ukifunga ghafla maji yanapiga kama nyundo, na bomba kuukuu litapasukia usipopajua. Idadi ya mizunguko iandike daftarini, maana valvu uliyoisahau nusu itakusumbua mwezi mzima. Kabla hujaondoka pima klorini. Nchani isipungue miligramu 0.2 kwa lita.

Halafu kuna watu wa ndoo. Ukimwaga maji mtaroni Dodoma, lazima waje, tena wakali: mgao wiki nzima, nyie mnachezea maji! Waeleze kwa upole, tena kabla hujafungua. Ya mwanzo si ya kunywa wala kufulia. Kijana mmoja alijaza pipa la yale mekundu, akaenda kufyatulia tofali.