Ndimu haioshi mishipa

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni seremala wa Ngamiani, Tanga, miaka 47, kilo 61. Nilipima mafuta ya damu, LDL (ile kolesteroli mbaya) ikaja 4.9 na trigliseridi (mafuta mengine ya damuni) 3.8. Nikaacha mayai, na kila asubuhi nakunywa maji ya moto yenye ndimu na kitunguu saumu. Miezi mitatu sasa, majibu ni yale yale. Jioni napata bia mbili tatu, au mnazi. Kinachonishangaza, mimi ni mwembamba. Kuna dawa ya kusafisha mishipa inauzwa shilingi 45,000. Niinunue?

Jibu: Marahaba. Usiinunue.

Ndimu inakata shombo ya samaki kwenye sahani, basi watu wameamini itakata na mafuta kwenye damu. Tumboni mwako mna asidi kali kuliko ndimu yoyote ya soko la Mgandini, na haijamsafishia mtu mshipa. Mafuta yenyewe hayakai mle yakisubiri kuoshwa. Yamejichimbia ndani ya ukuta wa mshipa.

Mayai umeyaonea bure. Kolesteroli nyingi ya damuni inatengenezwa na mwili wako mwenyewe, ini likiongoza, na kinachofanya ini lishindwe kuiondoa LDL ni mafuta yale yanayoganda. Wali wa nazi unakula mara ngapi hukusema, ila kwa mtu wa Tanga sina haja ya kuuliza. Mafuta ya nazi, zaidi ya asilimia 80 ni ya aina hiyo. Chupa ikiandikwa "haina kolesteroli" ni kweli, na haikusaidii kitu. Sikuambii uache nazi. Pikia tui la pili, lile zito liwe la siku ya wageni.

Trigliseridi inapandishwa sana na pombe, na mnazi kuwa wa asili hakuuokoi. Acha pombe wiki nne, punguza soda, upime tena asubuhi kabla hujala.

LDL ya 4.9 si ya kuchezea. Mwenye kitambi akipungua kilo chache, mafuta ya damu hushuka. Wewe huna cha kupunguza, kwa hiyo upimwe tezi ya shingo, sukari na figo. Na uulize nyumbani: baba au kaka alipata shambulio la moyo kabla ya miaka 55? Kolesteroli ya kurithi ipo, na hiyo inataka vidonge.

Vidonge hivyo, statini, ndivyo wauza dawa za kusafisha mishipa wanavyovitukana. Mgonjwa anaambiwa vinaua ini, anaviacha, ananunua maji ya majani yasiyo na lebo. Wiki chache tu LDL imerudi ilikokuwa, naye hasikii popote panapouma, anatangaza amepona. Wengine huja kuonekana tena wakiwa wamepooza upande. Wauzaji kadhaa nimewaomba karatasi za vipimo za mteja mmoja tu, kabla ya dawa na baada yake. Wameniletea bei ya jumla.