Pingili mbili shimo moja hazizai chotara

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nalima muhogo wa unga hapa Kasulu. Mwaka jana niliuziwa mafungu ya mbegu ya muhogo wa njano, nikaambiwa una vitamini A. Nilipochimba nikakuta una majimaji, ugali wake haushiki. Aliyeniuzia anasema nifunge pamoja pingili ya njano na ya aina ya muhogo iitwayo Mkombozi, nizipande shimo moja. Zikikua zimeshikana nitapata mbegu chotara yenye vitamini na unga mwingi. Nizipande kwa nafasi gani?

JIBU: Marahaba. Nafasi yoyote utakayopima, chotara hutapata. Swali hili nimeulizwa Kibondo, nimeulizwa Uvinza, na kila mara nakuta kuna mtu ameshapokea hela za watu.

Pingili ni kipande cha shina la mama. Ukiipanda, kinachoota ni mama yule yule, na rangi yake, unga wake, uchungu wake na magonjwa yake. Ukizifunga mbili kwa kamba zitagombania maji na mbolea, basi. Hata ukiunganisha kitaalamu, kikonyo cha aina moja juu ya shina la nyingine, mizizi ya chini hubaki ya aina yake.

Muhogo huchanganyika kwenye ua. Mzalishaji hulifunika ua la kike kwa kifuko cha kitambaa kabla halijafunguka, nyuki wasimtangulie, halafu hulipaka chavua ya baba aliyemchagua mwenyewe. Tunda likikomaa lina mbegu tatu, ndogo kama za mbono, na kila moja ni mtoto wa namna yake: huyu wa njano lakini majimaji, huyu mweupe mwenye unga, yule mchungu usiolika. Kwa hiyo huoteshwa maelfu, wakatupwa karibu wote. Wachache wanaobaki ndio wanaanza kuongezwa kwa pingili, na shina moja hutoa kama pingili kumi tu kwa mwaka. Ukijumlisha majaribio ya mashamba tofauti kwa misimu kadhaa, miaka minane hadi kumi inakwisha kabla mkulima hajaona kitu.

Pale Amani, Tanga, miaka ya 1930, watafiti Storey na Nichols walianza kuchanganya muhogo na mti wa mpira wa jamii yake, Manihot glaziovii, wakitafuta kinga ya ugonjwa wa batobato. Watoto wa mwanzo walikuwa na kinga, ila mizizi haikuwa na maana. Ikabidi warudishwe kwa muhogo wa kawaida kizazi baada ya kizazi mpaka wakatoa mizizi ya kuliwa. Damu ya kazi ile imo hadi leo katika aina nyingi za muhogo Afrika. Na walikuwa Tanga, kamba za mkonge zimewazunguka! Kama kufunga kungetosha, wangefunga.

Majimaji uliyoyaona hayatokani na kilimo chako kibaya. Katika muhogo wetu wa Afrika, sehemu ya kromosomu ya kwanza (kromosomu ni nyuzi zinazobeba urithi) inayoongeza unjano mara nyingi huambatana na kupungua kwa vitu vikavu, yaani ule wanga unaoushikisha ugali. Hilo linaweza kuvunjwa kwa uzalishaji, kwa sababu Amerika Kusini kuna aina za njano zenye unga mzuri, na hutumika kama wazazi. Nigeria iliidhinisha aina tatu za njano mwaka 2011 na nyingine tatu mwaka 2014. Wapimaji huupima mzizi hewani, kisha wakaupima umezama majini; uzito huo wa aina mbili huwaambia kiasi cha vitu vikavu. Mkulima wa unga anataka zaidi ya asilimia 30. Mwulize aliyekuuzia mbegu yake ina ngapi.

Halafu wewe ni mtu wa ugali. Muhogo wa njano ukichemshwa mbichi hubaki na sehemu kubwa ya karotini yake, ambayo ndiyo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ukiuloweka, ukauanika juani, ukaweka makopa ghalani miezi kadhaa, nyingi imepotea. Nanyi Kigoma mna mawese! Lengo la watafiti ni mikrogramu 15 za karotini kwa gramu moja ya muhogo mbichi, wakati mawese mekundu yana mamia. Kisamvu kilichoungwa kwa mawese kitawafaa watoto wako leo, bila kusubiri mbegu ya mtu.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni magonjwa kwenye mafungu hayo. Inzi weupe hueneza ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaoozesha mizizi, kwa masafa mafupi tu. Anayeuvusha kutoka wilaya hadi wilaya ni binadamu mwenye mafungu kwenye pikipiki, na shina linaweza kuonekana zima kabisa kumbe limebeba. Mbegu ya muhogo hukaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kudhibiti ubora wa mbegu, na wapo wakulima waliosajiliwa kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora. Ukitaka aina mpya, anzia kwa afisa ugani au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, hapo hapo mkoani kwenu. Asiyeweza kukuonyesha shamba lililokaguliwa, usimpe hata shilingi.

Kwa hayo uliyokwisha kupanda: chimba mashina machache sehemu mbalimbali za shamba, ukate kila mzizi vipande vipande toka kichwani hadi mkiani, maana kuoza hujificha katikati. Ukiona madoa makavu ya kahawia, ng'oa shamba lote la mbegu ile, choma miti yake, na usimkatie jirani hata pingili moja. Ukiikuta mizizi safi, chemsha, kula. Mkombozi wako mpande peke yake, mita moja kwa mita moja.