Siku kumi za rufaa zimepita na mdogo wangu yuko gereza la Maweni: tuanzie wapi?

SWALI: Wakili, shikamoo. Mdogo wangu wa miaka 24 amefungwa miaka 30 na Mahakama ya Wilaya hapa Muheza kwa kumbaka binti wa miaka 16. Yeye anasema walipendana. Nakala ya hukumu hatujapewa, na tunaambiwa siku kumi za kukata rufaa zimeshapita. Wazee wanataka twende kwa wazazi wa binti ili akane maneno yake. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, dada. Wazuieni wazee leo hii. Jaji wa rufaa anasoma yaliyoandikwa kortini, kwa hiyo binti akikana barazani kwenu haibadilishi kitu, na atakayemshinikiza anaweza kushtakiwa mwenyewe. Tena huyo ni mtoto aliyekwisha kusimama mbele ya hakimu akaeleza mambo mazito. Mwacheni apumzike.

Siku kumi ni za taarifa ya kusudio la kukata rufaa tu. Hati ya rufaa yenye sababu ina siku 45 tangu hukumu, na muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi, yaani maandishi ya yote yaliyosemwa kortini, hauhesabiwi. Nenda Maweni ukaulize kama alitia saini au dole gumba kwenye taarifa hiyo alipopokelewa. Wafungwa wengi husaidiwa kuiandika gerezani, na ndugu hawajui. Kama hakutia, aombe Mahakama Kuu, Masjala ya Tanga, kukata rufaa nje ya muda, kwa hati ya kiapo inayoeleza sababu ya kuchelewa. Nakala iombeni kwa barua na mtunze barua iliyogongwa muhuri, maana ndiyo ushahidi wenu kwamba hamkulala.

Hoja ya kwamba walipendana haitamwokoa. Kwa aliye chini ya miaka 18, ridhaa si utetezi. Ninachokitafuta mimi kwanza katika mwenendo wa kesi za namna hii ni umri: nani aliuthibitisha? Ulitajwa na binti mwenyewe katika ushahidi wake, mzazi, daktari, au kuna cheti cha kuzaliwa? Umri ulioandikwa kwenye hati ya mashtaka, au ule unaotajwa pamoja na jina na dini kabla shahidi hajaapa, Mahakama ya Rufani imeshasema si ushahidi. Hapo kesi nyingi huanguka.

PF3, fomu ya polisi anayoijaza daktari baada ya kumpima mwathirika, nayo huondolewa kwenye kumbukumbu ikiwa haikusomwa kwa sauti baada ya kupokelewa. Msishangilie mapema. Tangu shauri la Selemani Makumba la 2006 msimamo ni kwamba ushahidi bora wa ubakaji ni wa mwathirika mwenyewe, na akiaminika unatosha peke yake.

Jaji atapima upya ushahidi wote. Anaweza kumwachia, kukataa rufaa, au kuamuru kesi isikilizwe upya kama kasoro ni ya utaratibu. Anayewaahidi ushindi kabla hajasoma mwenendo, msimpe hela.

Kama hamna ya wakili, mdogo wako anaweza kuwasilisha rufaa kupitia mkuu wa gereza, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawagusa wafungwa pia. Waulizeni hapo hapo gerezani. Mahakama Kuu ikikataa, kuna Mahakama ya Rufani, na taarifa yake ni ndani ya siku 30.