Seva sita ndani ya boksi moja: je, tayari ni wingu?

Shikamoo fundi. Ofisini tulikuwa na seva sita, kelele na joto chumba kizima. Kijana wetu wa IT kanunua moja kubwa, zile sita kazihamishia ndani yake. Sasa bosi anawaambia wageni tumehamia kwenye wingu. Ni kweli? (Mhasibu, Moshi)

Marahaba. Bosi kawahi kidogo. Alichofanya kijana wenu ni virtualizesheni. Ameweka programu iitwayo haipavaiza, nayo inagawa prosesa, RAM na diski za mashine moja ya chuma kwa mashine pepe sita. Kila moja inajiona iko peke yake: ina Windows au Linux yake, ina anwani yake, na ukiizima jirani zake hawana habari. Mwenye nyumba kakata ukumbi kwa kuta za jipsamu, kapata vyumba sita. Wala si ufundi wa jana. IBM walitangaza VM/370 mwaka 1972, enzi za kompyuta za kujaza chumba, na kampuni ya VMware, iliyoanzishwa 1998, ikauleta kwenye mashine za kawaida kama zenu.

Wingu ni gesti. Mgeni anafika saa nane usiku, anachukua ufunguo, analala, analipia alicholala, anaondoka. Hakuna aliyemjengea chumba kwa sababu kaja. Ninyi mkitaka seva ya saba mnafanyaje? Nahisi mnamwandikia kijana, naye anajibu "Jumatatu". Hapo ndipo penye tofauti. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliorodhesha mwaka 2011 sifa tano za wingu: kujihudumia mwenyewe, kufikika kwa mtandao, kuchangia rasilimali, kupanuka na kusinyaa upesi, na matumizi kupimwa. Kuchangia mnako, kufikika kwa mtandao labda. Kujihudumia na kupimwa hamna. Kijana akitaka anaweza kuongeza OpenStack, programu ya bure ya kuendesha wingu, idara zikajichukulia mashine zenyewe na kila moja ikaonyeshwa ilichotumia. Hapo bosi atasema "wingu binafsi" na sitambishia.

Lakini kabla ya hayo, mnunulie seva ya pili, hata ya mtumba. Niliwahi kupanga mashine pepe tisa za mteja kwenye boksi moja, nikajisifu, Ijumaa jioni pawasaplai ikaungua. Zote tisa chini kwa mpigo. Zamani ingekufa moja.

Kwa hiyo wingu ni virtualizesheni iliyotiwa bili tu? (Msomaji, Kisumu)

Ukiangalia historia, karibu ndivyo. Amazon walipofungua EC2, huduma yao ya kukodisha mashine pepe, Agosti 2006, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imefanywa Cape Town, na timu ndogo ya Chris Pinkham, Mwafrika Kusini aliyetaka kurudi kwao. (Watu wengi wakisikia hili hubisha kwanza.) Chini kabisa palikuwa na Xen, haipavaiza ya bure iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Cambridge. Walichoongeza wao ni mlango: unatuma amri, dakika chache baadaye mashine ni yako, unalipa senti 10 za dola kwa saa.

Ila "tu" yako siikubali. Leo unaweza kukodi mashine nzima ya chuma, bila haipavaiza ya mtu yeyote juu yake, kwa mlango uleule na bili ileile. Hilo ni wingu pia. Na mashine pepe iliyo kwenye laptopu yako si wingu hata siku moja.

Kaka, nina laptopu ya RAM GB 8 na sina kadi ya benki. Naweza kujifunza haya? (Mwanafunzi, Mbeya)

Nusu yake vizuri kabisa. Pakua VirtualBox, haina malipo, na Ubuntu ya seva, ile isiyo na madirisha. Mpe mgeni, yaani mashine pepe, GB 2 tu. Ukimpa 6 mwenyeji, yaani laptopu yenyewe, ndiye atakayekosa pumzi, kipanya kitakwama na utadhani laptopu imekufa. Mashine pepe ikigoma kuwaka, ingia BIOS (mipangilio inayofunguliwa laptopu inapoanza kuwaka) utafute swichi ya virtualizesheni, VT-x, au SVM kama prosesa ni ya AMD, uiwashe. Kisha ivuruge makusudi: futa faili za mfumo, uirudishe kwa picha ya hali uliyoihifadhi kabla. Nusu ya pili, ya bili na milango, itasubiri kadi.

Nina duka la dawa Tanga. Nihamishe programu ya mauzo kwenye wingu? Mtandao ukikatika je?

Jibu unalo kwenye swali. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, Tanzania na Kenya tukahangaika na intaneti. Vituo vya karibu vya kampuni kubwa viko hukohuko kusini: Microsoft walifungua 2019, Amazon 2020. Ningekuwa wewe ningeacha mauzo kwenye mashine pepe dukani, yenye UPS, na nakala rudufu ipande kwenye wingu kila usiku. Mgonjwa aliyesimama dirishani hasubiri meli ya kuunga waya.

Kontena nazo ni mashine pepe? (Msomaji, Nairobi)

Hapana. Mashine pepe ina mfumo wake kamili wa uendeshaji. Kontena ni vifurushi vya programu vinavyotumia kwa pamoja kiini kimoja cha mfumo wa uendeshaji wa mwenyeji, ndiyo maana zinawaka kwa sekunde. Kwenye wingu, mara nyingi hukaa ndani ya mashine pepe.

Nilizima mashine yangu ya wingu tangu mwezi jana, mbona bado nadaiwa? (Msomaji, Mwanza)

Kwa sababu kuzima si kufuta. Mashine pepe ya nyumbani ukiizima inakula nafasi ya diski yako tu. Ya wingu ukiizima umetoka chumbani, mabegi umeyaacha: diski inalipiwa, na anwani uliyoishikilia mara nyingi inalipiwa pia. Kwa baadhi ya watoa huduma, ukizima ukiwa ndani ya Windows yenyewe, badala ya kwenye ukurasa wao, hata chumba bado unahesabiwa. Fungua orodha ya diski, futa usichokihitaji, achia anwani, kisha itazame bili tena baada ya siku mbili.