Apu yako ya kwanza ya afya ya wanyama: anza na tarehe, mengine yatafuata

Wakuu, kwa mnaoanza kutengeneza apu za simu na mmechagua hii ya kufuatilia afya ya mbwa na paka, mmechagua vizuri kabisa, ila wengi wanaiharibu mapema kwa kutaka iwe na kila kitu, mara ramani ya madaktari, mara chati za rangi, mara ibashiri ugonjwa. Achaneni na hayo kwanza. Mwenye mbwa anataka akumbushwe chanjo siku yake ikifika, na daktari akimuuliza dawa ya minyoo alipewa lini ajibu hapohapo. Basi.

Kwenye databesi majedwali mawili yanatosha kuanzia, la mnyama na la tukio. Tukio lina aina yake (chanjo, minyoo, uzito, dawa), tarehe, maelezo, na tarehe ya kurudia kama ipo. Usiweke uzito kwenye jedwali la mnyama ukawa unafutika kila ukijazwa mpya, manake uzito wa leo peke yake hausemi kitu. Paka wa kilo 5 akishuka hadi 4 amepoteza asilimia 20 ya mwili wake na kwa sababu ya manyoya unaweza usigundue kwa macho, lakini rekodi za nyuma zinakuonyesha. Tarehe ya kuzaliwa iwe hiari na iwe na alama ya "makadirio", wanyama wengi wameokotwa tu hakuna anayejua walizaliwa lini. Namba ya chipu (ile ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi ya mnyama) kwa kawaida ina tarakimu 15, ihifadhi kama maandishi, huna hesabu yoyote ya kuifanyia.

Sasa tarehe zenyewe, hapa ndo pa kutulia. Chanjo ni siku, sio saa na dakika. Ukiihifadhi kama muda kamili wa UTC (saa ya pamoja ya dunia), mtu akisafiri kwenda nchi yenye saa tofauti chanjo ya tarehe 10 inaweza kusomeka tarehe 9, na akishaona hivyo mara moja hawezi kuiamini tena apu yako. Hifadhi hivi: 2025-03-10, imeisha hiyo.

Na usijifanye daktari ndani ya kodi (msimbo wa apu). Kuna chanjo za kichaa cha mbwa za mwaka 1 na kuna za miaka 3, watoto wa mbwa nao wanachomwa kwa awamu kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka wafikishe angalau wiki 16, kwa hiyo mwache mtumiaji ajaze tarehe aliyoandikiwa na daktari wake, wewe pendekeza tu. Dozi ndo kabisa usiguse, paracetamol ya kawaida tu inaua paka.

Notifikesheni zitakusumbua kuliko kitu kingine chochote. Kuanzia Android 13 lazima uombe ruhusa, na usiombe apu inapofunguliwa tu, omba pale mtu anapohifadhi kikumbusho chake cha kwanza, hapo anaelewa kwa nini unaomba. Alamu za Android zinafutika simu ikizimwa, inabidi uzipange upya ikiwaka. iPhone nayo inashika notifikesheni 64 tu zinazosubiri kwa kila apu, so mnyama wa dawa mara 2 kwa siku kwa miezi 2 anahitaji kama 120, tayari umepitiliza. Panga zile za karibu tu, halafu ongeza zingine kila apu ikifunguliwa.

Data ikae kwenye simu ifanye kazi hata bila intaneti, ila weka na kitufe cha kutoa nakala, kwa sababu mtu akifuta apu anaweza kupoteza historia yote ya mnyama wake. Picha za kadi ya chanjo hifadhi jina la faili tu sio njia nzima ya folda, kwenye iPhone njia hiyo inaweza kubadilika ukiapdeti apu na picha zote zisionekane.

Ikishasimama mpe mtu mwenye wanyama zaidi ya mmoja, kaa pembeni usimwelekeze. Angalia anavyoandika chanjo huku mkono mmoja umeshika paka. Ukiona anabonyeza mara nyingi au anauliza "hapa ndo wapi", rudi kwenye skrini hiyo kabla hujagusa chati.