Mraba usiohesabiwa watazamaji usipakwe rangi

Funga kompyuta kwanza. Umeuliza hiyo apu yako ya ramani uijenge kwa Flutter (zana ya kuundia apu za simu) au wavuti, rangi zipi, na kama rekodi ulizopakua GBIF, ghala la dunia la kumbukumbu za viumbe vilivyoonwa, zatosha kuonyesha binadamu walivyoathiri viumbe toka Mtwapa hadi Likoni. Halafu, kama kijambo tu, ukaandika kila mraba wa ramani utaupaka rangi kwa "idadi ya spishi". Yakhe, hapo ndipo shimoni.

Idadi hiyo yapima miguu ya watu. Haller Park pale Bamburi ni machimbo ya zamani ya chokaa, yalianza kupandwa miti 1971. Leo kuna njia na kivuli, kila mgeni ana simu mkononi, kila ndege apigwa picha. Mikoko ya Tudor ni tope hadi magotini, nani ataingia na kamera? Ramani itatoka na machimbo ya kijani kibichi na mikoko myekundu. Kweli mikoko hiyo imekatwa na kumwagiwa maji taka, lakini wekundu huo haukutokana na hayo, umetokana na uhaba wa watazamaji. Kwa hesabu hiyo kiumbe aliyestawi zaidi Mombasa ni mtalii. Cheka tu, mie nlichora hivyo hivyo nikachekwa na jopo zima lililonikagua. Alonambia "data ni data, chora" alikuwa amekaa humo humo joponi, kimya, akinywa maji.

Fanya hivi. Gawa miraba ya nyuzi 0.01, kama kilomita 1.1 kila upande huku kwetu. Tupa rekodi ambazo coordinateUncertaintyInMeters, safu ya mita ngapi mahali paweza kukosewa, ni tupu au yazidi 1000. iNaturalist, apu ambamo watu hupakia picha za viumbe na rekodi zake huingia GBIF, huficha mahali pa spishi zilizo hatarini kwa kuitupa nukta popote ndani ya kisanduku cha nyuzi 0.2, kama kilomita 22. Usipochuja, kasa wa Nyali utamkuta akivuka barabara Changamwe. Vielelezo vya makumbusho vilivyoandikwa "Mombasa" basi, navyo hurundikana katikati ya kisiwa.

Sasa bidii ya watazamaji. Kwa kila mraba, hesabu jozi za recordedBy (aliyeona) na eventDate (tarehe; siku tu, saa iondoe) zisizojirudia: kila jozi ni siku moja ya mtazamaji. Mraba wenye rekodi chini ya 50 uwe wa kijivu. Iliyobaki, chota rekodi 50 kwa bahati nasibu, hesabu spishi, rudia mara 100, chukua wastani. Tuseme Bamburi ina rekodi 900 na spishi 140, Tudor rekodi 60 na spishi 38. Ukichota 50 kila upande, Bamburi yaweza kuporomoka hadi 33 na Tudor ikabaki 34. Ramani nzima imegeuka, na hujaongeza hata rekodi moja.

Fanya ndege peke yao, na kaa wa pwani peke yao. Na kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa na binadamu, mtie safuwima yake, la sivyo apu itampa mraba alama ya utajiri kwa sababu amevamia.

Kile kitelezi cha miaka, usikiwashe bila mstari wa siku za watazamaji chini yake. iNaturalist ilianza 2008, simu za kamera zikajaa. Idadi ya spishi itapanda hata msitu ukikatwa wote.

Kijivu kitafunika nusu ya ramani na watakwambia haipendezi. Kiache.

Rangi uliyouliza ndiyo hiyo, kijivu. Flutter waulize wengine.